Muhoroni: Hapa taka za miwa hugeuzwa mafuta

Wahenga walinena kwamba ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno. Kile ambacho wewe umetafuna, ukatema na kusahau, mdudu mdogo apitaye chini hukiona kuwa ghala lililojaa chakula. Msomaji, kama kuna mji hapa Kenya ambao umejaribu kuishi kwa methali hiyo, basi mji huo ni Muhoroni.

Wengi wetu tunaijua Muhoroni kwa jina tu. Tumeliona jina hilo kwenye mfuko wa sukari, au tumelisikia redioni wakulima wanapolalamikia malipo yaliyochelewa. Wachache ndio wanaokumbuka kwamba kwa miaka 10, kutoka 1983 hadi 1993, sehemu ya mafuta yaliyoendesha magari jijini Nairobi ilitoka hapa. Haikuchimbwa Arabuni wala haikuletwa na meli bandarini Mombasa. Ilitokana na masalio ya kiwanda cha sukari.

Jumapili hii, msomaji, nakualika tufunge safari hadi huko. Tutatazama mji, tutatazama mitambo, kisha tutaulizana swali moja ambalo linawahusu wote wanaolima, wanaopika na wanaopanda matatu: taka zetu ni mali, au ni mzigo tu?

Njia ya kufika

Ukianzia Kisumu, unazo njia mbili. Ya kwanza ni kushika barabara kuu ya Nairobi, upite Ahero penye mashamba ya mpunga, ufike Awasi, kisha ukate kushoto kuelekea Chemelil. Ya pili hutokea Mamboleo ikapita Kibos na Miwani, huku milima ya Nandi ikiwa imesimama upande wako wa kushoto kama ukuta. Njia zote mbili hukutana Chemelil, na kutoka hapo Muhoroni si mbali. Safari nzima ni zaidi kidogo ya kilomita 50.

Mimi nakushauri uende kwa njia moja na urudi kwa nyingine. Njia ya Miwani itakufunza historia. Hapo ndipo kilipojengwa kiwanda cha kwanza kikubwa cha sukari nchini, mwaka 1922. Leo majengo yake yamekuwa magofu, lakini miwa bado imeyazunguka. Sambamba na barabara inapita reli ya zamani, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901. Majina ya stesheni zake ni kama shairi la bonde hili: Kibos, Miwani, Kibigori, Chemelil, Muhoroni, Koru, Fort Ternan.

Kabla hujafika, utaanza kukutana na matrekta. Kila moja huvuta matrela yaliyojazwa miwa hadi ikaning'inia pembeni, na kila tuta hudondosha miwa miwili mitatu. Watoto wanalijua jambo hilo vyema. Utawaona wamesimama karibu na matuta wakijifanya wanasubiri mtu.

Muhoroni yenyewe iko kiasi cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo tambarare ya Kano inaisha na vilima vya Tinderet vinaanza kupanda. Ni mji wa jua kali asubuhi na mvua ya ghafla alasiri. Udongo wake mweusi hunata kwenye viatu kama ugali mbichi ukilowa, na hupasuka nyufa ukikauka. Watu wa makabila mengi huishi hapa, kwani kiwanda kilichoanza mwaka 1966 kiliwavuta wafanyakazi na wakulima kutoka pande zote. Katika hoteli moja utasikia Kijaluo meza hii, Kikalenjin meza ile, na Kiswahili kikiwaunganisha kwenye kaunta.

Lakini kitu cha kwanza kitakachokupokea si lugha. Ni harufu. Harufu nzito na tamu, yenye uchachu ndani yake, kama busaa iliyosahauliwa karibu na sukari iliyoungua. Usifunge pua, msomaji. Hiyo ndiyo habari tuliyoifuata.

Kile kinachobaki

Ili uelewe harufu hiyo, ni lazima ufuate mua tangu unapoingia kiwandani. Miwa hukatwakatwa, ikapondwa na kukamuliwa. Maji yake husafishwa, yakachemshwa hadi yakawa mazito, na punje za sukari zikaanza kujitenga. Punje hizo hutolewa kwa mashine inayozunguka kwa kasi, nazo ndizo unazotia kwenye chai.

Sasa zingatia hesabu. Ukipeleka tani 100 za miwa kiwandani, utapata takriban tani 10 za sukari, na mara nyingi hupungua. Tani karibu 30 ni makapi, yaani nyuzi kavu za mua uliokwisha kukamuliwa. Tani 3 hivi ni tope linalobaki kwenye vichujio. Na tani 3 au 4 ni molasi, ule uji mweusi mzito ambao wafugaji huwapa ng'ombe wao ili nyasi kavu ziwe na ladha. Sehemu kubwa ya mzigo uliosalia ni maji.

Molasi ni kitu cha ajabu. Karibu nusu ya uzito wake bado ni sukari, lakini ni sukari isiyoweza tena kuganda kuwa punje kwa faida. Ukiiacha, ni kero. Hunata, huvutia nzi, na ikimwagika mtoni huua samaki. Kwa miaka mingi viwanda vingi duniani havikujua viifanyie nini. Vingine viliimwaga barabarani ili kutuliza vumbi.

Hapo ndipo hamira inapoingia. Mama yeyote anayekanda unga wa mandazi anaijua kazi ya hamira: hula sukari, ikatoa hewa inayoumua donge. Ila hutoa na kitu kingine ambacho katika mandazi hupotelea motoni, nacho ni spiriti, au kwa jina la wanasayansi, ethanoli. Kiwandani molasi huchanganywa na maji, ikatiwa hamira katika matangi makubwa, ikaachwa kwa siku moja au siku moja na nusu. Kinachopatikana ni pombe hafifu, yenye spiriti asilimia 8 hadi 10.

Pombe hiyo hupashwa moto katika minara mirefu ya chuma, ile utakayoiona kutoka barabarani. Spiriti huchemka kwenye nyuzijoto 78, maji kwenye 100. Basi mvuke wa spiriti hutangulia kupanda, ukapozwa, ukawa kioevu tena. Ukirudiarudia, utafika asilimia 96 hivi. Hapo moto hukwama, kwa sababu maji kidogo yaliyosalia huung'ang'ania mvuke wa spiriti na kupanda nao. Kuyaondoa kunahitaji ujuzi mwingine. Siku hizi hutumika chembechembe za madini zenye vitundu vidogo mno vinavyomeza maji na kuiacha spiriti ipite.

Mbona kujisumbua hivyo? Kwa sababu spiriti yenye maji haielewani na petroli. Ndani ya tangi la gari maji huteremka chini yakiwa yameivuta spiriti, na injini ikayanywa. Dereva atabaki kando ya barabara akifungua boneti na kulaumu mwenye kituo cha mafuta.

Tani moja ya molasi hutoa lita 250 hivi za spiriti. Maana yake, kila tani ya miwa, hata baada ya kukupa sukari yako yote, bado ina lita 10 hivi za mafuta ndani yake. Tangi la gari la lita 60 likitiwa mchanganyiko wenye spiriti asilimia 10, litahitaji lita 6. Hizo ni taka za miwa ambayo uzito wake haufiki tani moja. Ni lile rundo lililokuwa likining'inia kwenye trela na kukuziba njia.

Miaka ya gasoholi

Wazo la kujaza magari kwa spiriti halikuzuka tu. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hadi karibu dola 12. Nchi zisizo na visima zilishtuka. Brazil ilianzisha mpango wake mkubwa wa spiriti ya miwa mwezi wa Novemba 1975. Huku Afrika, Zimbabwe ilianza Triangle mwaka 1980, na Malawi ikafuata Dwangwa mwaka 1982.

Kenya nayo haikukaa kando. Mwaka 1978 iliundwa kampuni ya Agro-Chemical and Food, ubia wa mashirika ya umma na wawekezaji wa kibinafsi, na mitambo ikajengwa hapa Muhoroni, jirani ya kiwanda cha sukari. Ilibuniwa kutoa kiasi cha lita 60,000 za spiriti kwa siku, pamoja na hamira ya waokaji mikate. Ukipiga hesabu yetu utaona kwamba lita hizo zinahitaji molasi ya tani 6,000 za miwa kila siku. Kiwanda kimoja cha hapa hakiwezi kusaga miwa hiyo yote, ndiyo maana molasi husombwa na malori kutoka viwanda vingine.

Kuanzia 1983 spiriti hiyo ilichanganywa na petroli kwa kiwango cha asilimia 10, na mchanganyiko ukaitwa gasoholi. Wale waliokuwa na magari wakati huo bila shaka wanalikumbuka jina hilo. Injini hazikuhitaji kubadilishwa. Ni kweli kwamba lita ya spiriti ina nguvu kiasi cha theluthi mbili tu ya lita ya petroli, lakini kwa mchanganyiko wa asilimia 10 upungufu wa mwendo ni asilimia 3 au 4, jambo ambalo dereva wengi hawalitambui.

Mwaka 1993 mambo yakasimama. Sababu ni za hesabu kuliko za ufundi. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imeanguka tangu 1986. Spiriti ilinunuliwa kwa bei nzuri zaidi na watengenezaji wa vinywaji na wateja wa nchi za nje kuliko na wenye vituo vya petroli. Mwaka uliofuata biashara ya mafuta ikaachiwa huru, na hapakuwa na aliyelazimika kuchanganya.

Malawi, nchi isiyo na bandari, iliendelea na mchanganyiko wake bila kuukata. Zimbabwe iliacha baada ya ukame wa 1992, ikarudi tena, na mwaka 2013 ikaufanya uwe sheria. Sisi tulikuwa na mitambo, tulikuwa na molasi, tulikuwa na barabara. Penye miti hapana wajenzi.

Kivuli cha Koru

Ukiwa Muhoroni, msomaji, panda kilomita chache hadi Koru. Ni mahali pazuri, penye mashamba ya miwa na kahawa na upepo baridi kuliko wa bondeni. Mbele kidogo ni Fort Ternan, ambako Dkt. Louis Leakey alichimbua mabaki ya kiumbe aliyeishi miaka milioni 14 iliyopita.

Lakini Wakenya wengi hulikumbuka jina la Koru kwa huzuni. Nyumbani kwake huko ndiko alikotoweka Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, mwezi wa Februari 1990. Mwili wake ulipatikana siku chache baadaye kwenye kilima cha Got Alila, si mbali na hapo. Serikali ilimwita John Troon, mpelelezi wa Scotland Yard, na miongoni mwa mambo ambayo Troon aliyataja kuwa yanafaa kuchunguzwa ni mzozo uliohusu mradi wa molasi wa Kisumu. Mauaji hayo hayakupata jibu mahakamani hadi leo.

Mradi huo wa Kisumu ulianzishwa mwaka 1977, ukinuiwa kutoa spiriti, hamira na kemikali nyingine. Gharama ziliumuka kama donge lenye hamira nyingi, na mapema miaka ya 1980 kazi ikasimama kabla ya kukamilika. Kwa muda wa karibu miaka 20 mitambo ililala kando ya barabara ya Busia, ikishika kutu huku molasi ikiendelea kutiririka viwandani. Kampuni ya Spectre International ndiyo iliyokuja kuifufua katika miaka ya 2000.

Nimekitaja kisa hiki si kwa kupenda kufukua makaburi. Nimekitaja ili ujue kwamba neno taka linaweza kudanganya. Pale watu wanapopigania kitu kwa miaka mingi kiasi hicho, kitu hicho kina thamani.

Vipi kuhusu makapi?

Turudi Muhoroni, nyuma ya kiwanda. Utaona rundo la makapi ya miwa, rangi ya mchanga, limepanda kama kilima. Upepo ukivuma vumbi lake huruka hadi kwenye kamba za nguo. Kumbuka hesabu: molasi ni tani 4, makapi ni tani 30. Kwa nini basi tusiyageuze hayo nayo kuwa mafuta?

Swali hilo limewasumbua wataalamu wa dunia nzima, na si la makapi ya miwa pekee. Ni la mabua na magunzi ya mahindi ya Kitale, maganda ya mpunga ya Ahero, vumbi la mbao la Eldoret, na hata mathenge iliyovamia Baringo. Vyote hivyo vimejengwa kwa sukari. Tatizo ni namna vilivyojengwa.

Chukua mfano wa nyumba ya udongo. Ina fito, ina kamba zinazofunga fito, na ina udongo uliokandikwa juu. Mmea ni hivyo hivyo. Fito ni selulosi, ambayo ni minyororo mirefu ya sukari, karibu asilimia 40 ya makapi. Kamba ni sukari ya aina nyingine, asilimia 25 hivi. Udongo ni lignini, kitu kigumu kisicho sukari kabisa, ambacho hulinda vingine visioze. Hamira haiwezi kula nyumba hiyo. Ni lazima kwanza uibomoe, kwa mvuke mkali au asidi, kisha uzikate fito vipandevipande kwa vimeng'enya.

Vimeng'enya hivyo vina kisa chake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Marekani waliokuwa visiwa vya Solomon walishangaa kuona mahema na nguo zao zikioza kwa kasi. Mkosaji alikuwa kuvu, ambaye baadaye aliitwa Trichoderma reesei. Aliyekuwa adui wa jeshi ndiye aliyekuja kuwa mfanyakazi wa viwanda, kwa maana hutoa vimeng'enya vingi vya kuvunja selulosi.

Ipo njia nyingine, ya moto. Ukiyapasha makapi makavu au vumbi la mbao kwenye nyuzijoto 500 pasipo hewa, kisha ukaupoza moshi wake upesi, zaidi ya nusu ya uzito hugeuka kuwa mafuta meusi yenye harufu ya moshi. Mchoma makaa anaujua moshi huo; yeye huuachia upotee angani. Mafuta hayo hufaa kwa matanuri, ingawa ni machachu na huhitaji kusafishwa sana kabla ya kuingia kwenye injini.

Je, kuna waliofaulu? Huko Marekani viwanda vitatu vikubwa vya kugeuza mabua vilifunguliwa kati ya 2014 na 2015, viwili Iowa na kimoja Kansas. Kufikia 2020 vyote vilikuwa vimesimama. Mabua yaliletwa yakiwa na mchanga na mawe yaliyokula mashine, marobota yalishika moto, vimeng'enya vilikuwa ghali, na katikati ya hayo bei ya mafuta ikaporomoka. Brazil imekwenda mbele zaidi. Kiwanda cha makapi kilianza Piracicaba mwaka 2014, na mwaka 2024 kikafunguliwa kingine kikubwa Guariba.

Tofauti ni nini? Moja iko wazi mbele ya macho yako hapa Muhoroni. Mabua ya mahindi yametawanyika mashambani na ni lazima uyafuate. Makapi ya miwa yamekwisha kuletwa mlangoni, yameoshwa, yamepondwa, na gharama ya lori imelipwa na sukari.

Hata hivyo tusijidanganye. Makapi si taka kamili. Viwanda huyachoma ili kupata mvuke wa kuendesha mitambo, na mwaka 2009 Mumias ilianza kuyachoma na kuuza megawati 26 za umeme kwa gridi ya taifa. Mumias hiyo hiyo ilizindua mitambo ya spiriti mwaka 2012, na mwaka 2019 ikawa mikononi mwa mrasimu. Mitambo mizuri haiokoi kampuni isiyopata miwa ya kutosha.

Maji meusi na chupa ya hatari

Mgeni mwenye macho hataridhika na minara peke yake. Atauliza: maji yanaenda wapi? Kwa kila lita moja ya spiriti hubaki lita 10 hadi 15 za maji meusi, moto, machachu. Yakiachiwa yaingie Mto Nyando, ambao hupita bonde hili na kuishia Ziwa Victoria, hewa ndani ya maji hukwisha na samaki hufa. Akina mama walio chini ya mto ndio wa kwanza kujua.

Dawa ipo. Maji hayo yana potasiamu nyingi, na yakipimwa vizuri ni mbolea ya mashamba ya miwa. Aidha, yakifungiwa katika matangi yasiyo na hewa hutoa gesi ya kupikia. Kwa hiyo hata taka ya taka ina mwenyewe, mradi mtu atoe pesa za kujenga matangi.

Hatari ya pili iko kwenye chupa. Spiriti ya mafuta si kinywaji. Mwezi wa Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi baada ya kunywa kumi kumi, na wengine wakapofuka. Muuaji alikuwa methanoli, ndugu wa ethanoli, ambaye zamani alitengenezwa kwa kupasha mbao moto na hivyo akaitwa spiriti ya mbao. Kwa macho na kwa pua ndugu hao wawili hufanana sana. Msomaji, ukimwona kijana wako na kijichupa cha spiriti isiyojulikana itokako, usingoje kesho kumwonya.

Lita 10 za nani?

Tumefika kwenye kiini cha safari. Mkulima wa Muhoroni hungoja miezi 18 hadi 24 ili miwa yake ikomae. Hupalilia, hukopa mbolea, huomba moto usipite shambani. Ikikatwa na kucheleweshwa njiani, hukauka na uzito hupungua, na hasara ni yake. Akifika mizani, hulipwa kwa uzito wa miwa.

Kwa uzito, narudia. Sukari itakayotoka, makapi yatakayowasha umeme, molasi itakayogeuka spiriti, vyote huondoka mikononi mwake kwa bei moja. Zile lita 10 zilizomo ndani ya kila tani huwa za mwingine punde trela linapovuka lango.

Mwaka 2025 Serikali ilikodisha viwanda vinne vya umma, Muhoroni, Chemelil, Nzoia na SONY, kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa muda wa miaka 30. Ni muda mrefu. Mtoto anayeokota mua kwenye tuta leo atakuwa mzee wa boma mkataba ukiisha. Huu basi ndio wakati wa vyama vya wakulima kuuliza, kwa adabu lakini bila kuchoka, kama molasi na makapi yatahesabiwa katika malipo. Nchi inayoagiza kila tone la petroli inayotumia haiwezi kudharau mafuta yanayoota shambani. Wala haiwezi kutarajia yaendelee kuota ikiwa anayeyapanda hashibi.

Ukienda Muhoroni, nenda siku ya kazi, maana Jumapili utakuta malango yamefungwa. Omba ruhusa ya kuingia kiwandani mapema, kwa barua. Vaa viatu vilivyofunikwa. Usipige picha kabla ya kuuliza. Kula ngege kwa ugali sokoni, na ukitaka sukari nguru uliza wenyeji, watakuelekeza. Kisha, ukiwa barabarani kurejea nyumbani, trela la miwa litakapokuzuia mlimani, usipige honi. Hesabu tani zake, zidisha kwa 10, uone ni lita ngapi zimetangulia mbele yako. Ukimaliza hesabu, niambie: mwenye shamba alistahili ngapi kati ya hizo?